Baga Bila Mkate Wangu

Binti yangu aliniambia jambo lile nikiwa nimeshika ubao mrefu wa kuingizia mikate tanurini. Alijua anachofanya. Mtu aliyebeba mikate kumi na miwili kwenye ncha ya ubao hawezi kugeuka akaanza kugomba.

"Baba, nimeomba lile dirisha la chakula pale hospitali. Nitauza baga."

"Vizuri," nikasema. "Mikate nitakupa mimi. Kila asubuhi, ya moto."

"Ni baga bila mkate, baba."

Nikaisukuma mikate ndani, nikafunga mlango wa tanuri, nikausimamisha ubao ukutani. Nikamwambia arudie. Akarudia bila kutetemeka. Nyama, kitunguu, nyanya na haradali kidogo, vimefungwa ndani ya jani la kabichi. Basi.

Mimi ni mwokaji mikate. Niliacha shule darasa la sita, na wiki iliyofuata nikaanza kubeba magunia ya unga kwenye bekari hii hii ambayo leo ni yangu. Nusu ya baga zinazoliwa mji huu zimebanwa katikati ya mkate wangu. Na huyu aliyesimama mbele yangu amekula, amevaa, amesomeshwa hadi chuo cha upishi kwa mkate huo huo.

"Mkate umekukosea nini?" nikamwuliza.

"Haujanikosea. Wauguzi wale wanakula saa saba wamesimama, halafu wanarudi wodini mpaka jioni. Wakishindilia mikate na chipsi wanasinzia juu ya wagonjwa. Wanataka kitu chepesi. Wenyewe ndio walioniambia."

"Waambie walale mapema."

"Baba."

"Nimesikia."

Nilisema nimesikia. Sikusema nimekubali.

Habari zikafika buchani kabla sijavua aproni. Bucha iko mlango wa pili, na mwenyewe tunamwita Kisu, kwa sababu haongei bila kukishika mkononi.

"Jirani, pole," akanipigia kelele mbele ya foleni nzima. "Nasikia umezaa adui wa mkate."

"Wewe kata nyama."

"Nakata. Huyo mtoto kwangu ni mteja. Kama umemchoka nipe mimi, nikupe wangu wawili wanaopenda maandazi ya dukani na kulala."

Watu wakacheka. Nikacheka nao, maana ukinuna mbele ya Kisu umekwisha.

Nyumbani nikapata habari kamili. Dirisha lile liko chini ya Matroni, mama mfupi anayewasimamia wauguzi wote. Walioomba ni watatu, na kila mmoja amepewa siku yake ya kujaribiwa. Siku ya binti yangu ni Jumanne, saa saba mchana. Atawalisha wauguzi kumi na wanne, kwa mkono, wamesimama, ndani ya dakika kumi, na sare zao nyeupe mwilini. Doa moja la mafuta kwenye sare yoyote, dirisha linakwenda kwa mwingine. Aliyekuwepo zamani alifukuzwa kwa ajili ya madoa hayo.

Miaka sita mwanangu amekuwa akimenya viazi katika jiko la hoteli ya watu. Ana cheti, ana mikono mizuri kuliko ya wakubwa wake, na bado kila siku anaonyeshwa gunia la viazi. Kama akilikosa dirisha hili, atarudi kwenye gunia lile. Hakuniambia hivyo, lakini mimi namjua akiwa anaogopa. Huwa anafuta meza ambayo tayari ni safi.

Alhamisi akatupikia, mimi na mama yake. Nikaishika ile baga ya kabichi kwa mikono miwili, nikang'ata. Ladha sikuwahi hata kuisikia. Maji ya nyama yalitoka kwa chini, yakanipita kiganjani, yakashuka mpaka kwenye kiwiko, yakadondoka kwenye suruali.

"Umeona?" nikasema. "Mkate haukuwekwa pale kwa urembo. Mkate ndio unaonyonya hayo yote."

Nilitegemea atanijibu. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta meza.

"Najua, baba. Ndiyo maana nimekuita ule."

Mama yake akanitazama. Nimeishi na jicho lile miaka ishirini na sita na sihitaji kutafsiriwa. Nikavua saa, nikanawa mikono, nikasema, "Lete nyama."

Akili yangu ilikwenda palepale ilipozoea. Nikaona nyama inalegea, ndiyo maana inamwaga. Kitu kinacholegea kinakandwa. Nikatia chumvi, nikaikanda nyama ile ya kusaga kama donge la unga, dakika kumi nzima, kwa uzito wa mabega, mpaka ikaacha kunata vidoleni na ikaanza kung'aa. Binti yangu alitaka kusema kitu, nikamwonyesha kiganja. Nikaigawa, nikaisawazisha, nikaiweka kwenye chuma cha moto.

Haikutoa tone. Nikawageukia kama mtu aliyeitwa jina lake kwenye bahati nasibu.

Kisha tukang'ata. Mama yake akatafuna, akapumzika, akatafuna tena. Akaitoa mdomoni kwa heshima, akaiweka pembeni ya sahani.

"Mume wangu," akasema, "hii tungempelekea fundi viatu."

Binti yangu alicheka mpaka akakaa chini sakafuni. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akicheka wiki ile, kwa hiyo sikukasirika sana.

"Baba, nyama si unga," akasema akifuta machozi. "Ukiikanda na chumvi inashikana kama raba. Hii unaigusa kidogo, chumvi unatia juu mwishoni, halafu unaiacha."

Hakuna mtu aliyewahi kuniambia kwamba mikono yangu inafanya kazi kupita kiasi. Nilinawa, nikavaa saa yangu, nikaenda zangu.

Asubuhi ya pili akaja bekari bibi mmoja ambaye namjua kwa haraka zake. Mkate umetoka tanurini sasa hivi, yeye anataka nimkatie vipande papo hapo. Nikamjibu kama ninavyowajibu wote kila siku.

"Ukitaka moto, jua lipo nje. Ukitaka mkate, subiri."

Siwasubirishi watu kwa ubabe. Mkate ukikatwa ukiwa moto, mvuke wote unatoroka, ndani unabaki kama gundi, na jioni umekauka kama kuni. Ule unyevu unahitaji muda urudi ukae mahali pake. Kila mwokaji anajua hilo.

Nikabaki nimeshika kisu hewani. Bibi akafikiri nimekubali, akasogeza mkate. Nikamwambia auchukue mzima, aende akaukate kwake kwa dhambi zake. Nikafunga mlango mchana kweupe, nikachomoa wavu mmoja wa kupozea mikate, nikaubana kwapani, nikashika njia ya nyumbani na aproni yangu.

"Unahama?" Kisu akaniuliza.

"Shughulika na mifupa."

Nikamkuta binti yangu jikoni. Nikauweka wavu mezani, na sinia chini yake.

"Pika kama unavyojua wewe. Mimi siigusi. Ikiiva weka hapa, na mtu asiisogelee kwa dakika nne."

Akautazama wavu, kisha akanitazama.

"Hotelini tunafanya hivyo kwa pande kubwa la nyama," akasema taratibu. "Kwa kitu chembamba namna hii sikuwahi kufikiri."

"Nyembamba au nene, ikitoka motoni imechanganyikiwa. Iache itulie."

Akapika. Tukasimama pale kama watu waliofiwa, tunaangalia saa ya ukutani. Wakati huo akalitayarisha jani. Alilichovya kwenye maji yanayochemka kidogo tu, akalifuta kwa kitambaa pande zote mbili, na ule mshipa mnene wa katikati akauparua kwa kisu mpaka jani likawa linakunjika bila kuvunjika. Nyanya akaitoa mbegu na maji. Kukunja nikamwonyesha mimi, namna ninavyokunja karatasi ya mkate: chini kwanza, kushoto, kulia, mdomo ubaki wazi juu.

Nikang'ata nikiwa nimeinama, kiwiko mbali na suruali. Halikudondoka hata tone. Kabichi ilivunjika menoni, halafu ikaja nyama, laini, na maji yake yote yako ndani yake, halafu pilipili manga, halafu kitunguu. Nitasema ukweli. Maisha yangu yote nimekuwa nikila baga nikitafuta mkate wangu, kama umeumuka sawa, kama ganda limeiva. Nyama ilikuwa inanipita hivi hivi. Siku ile ndiyo nilijua baga ina nyama.

Nikala mbili. Nikainuka, na mkanda ulikuwa bado kwenye tundu lile lile. Nikarudi kazini nikakanda gunia zima bila kupiga mwayo.

Jumanne nilikwenda naye. Mama yake alininyooshea shati jeupe na kunipa kazi mbili: kubeba wavu na kufunga mdomo.

Jiko la nyuma ya lile dirisha ni dogo, majiko mawili ya gesi na bamba la chuma, beseni la kunawia na msumari mmoja wa kutundikia aproni. Binti yangu alikwishafuta kila kitu mara tatu. Mikono yake ilitulia pale tu alipoanza kupika. Akaweka vipande kumi na sita kwenye chuma, vyote mara moja, na hakubonyeza hata kimoja. Vilipoiva akavihamishia kwenye wavu. Kimoja kikapasuka njiani. Akakisukuma pembeni.

Saa saba kamili wakaja. Wauguzi kumi na wanne weupe kama chaki, na Matroni mbele na saa yake kifuani.

"Leteni," akasema Matroni. "Dakika kumi."

Nesi mmoja mrefu akapenyeza mkono dirishani. Binti yangu akaufunika wavu kwa kiganja chake. Mimi mdomo ulikwishafunguka, lakini yeye akaniwahi.

"Dakika nne, Matroni."

"Kumi ni za kula, si za kupiga picha."

"Sita zitawatosha kula. Hizi nne ni za nyama."

"Aliyekuja jana alitoa hapo hapo."

"Na sare zilisalimika?"

Nyuma mtu akacheka puani. Nesi mrefu akautazama mkono wa sare yake, na hata mimi, kutoka pale nilipokuwa, niliona paliposuguliwa kwa sabuni.

Matroni hakucheka. "Binti, unajua mimi ndiye ninayeamua hapa?"

Nilitamani aachie. Nasema kweli, nilitamani atoe zile nyama, yaishe. Kwa woga nikakiokota kile kipande kilichopasuka, nikakitia mdomoni ili meno yapate kazi.

"Najua, Matroni," akasema mwanangu, na sauti yake haikupanda wala kushuka. "Lakini ukitaka moto, jua lipo nje. Ukitaka nyama, subiri kidogo, tafadhali."

Maneno yalikuwa yangu, neno kwa neno. Tafadhali tu ndiyo ilikuwa yake.

Matroni akaitazama saa ya kifuani kwake. Akasubiri. Kumi na wanne wakasubiri. Dakika nne si kitu ukiwa umelala, lakini nyuma ya dirisha lile ni ndefu kuliko miaka sita ya viazi. Kisha binti yangu akaondoa kiganja, akaanza kukunja, chini, kushoto, kulia, na kila iliyokunjwa ikatoka.

Wakala. Ilisikika kabichi tu, krach, krach. Nesi mrefu alimaliza wa kwanza, akavigeuza viganja vyake akaviangalia kama anayetafuta kitu alichopoteza. Matroni alikula yake huku anatembea kwenye mstari, anakagua kola, mikono, vifua, mtu mmoja mmoja. Aliporudi dirishani alikuwa hana kitu mkononi, na sare yake ilikuwa kama ilivyotoka kabatini.

Akanyoosha kidole, akanionyesha mimi.

"Na hilo?"

Nikajitazama. Katikati ya shati langu jeupe lilikuwa limeshuka doa la mafuta, refu kama tai ya shingoni.

"Huyo ni baba yangu," akasema binti yangu. "Yeye ndiye aliyenifundisha kusubiri. Mwenyewe hakusubiri."

Hapo Matroni akacheka, na wauguzi wote nyuma yake. Akasema aanze Jumatatu, na akifika saa tano na dakika moja atakuwa amechelewa. Kisha akaegemea dirishani, akauliza kwa sauti ya chini kama imebaki nyingine.

Nilirudi mtaani mchana ule ule, wavu kwapani. Foleni ya buchani ilikuwa ndefu. Kisu akaniona, akainua kisu chake.

"Jirani. Adui wa mkate ameshindwa?"

"Ameshinda."

"Sasa wewe utakula nini?"

Nikasimama pale katikati ya foleni, na wengi wao ni wateja wangu.

"Mkate njooni kwangu, kama siku zote," nikasema. "Lakini anayetaka baga nzuri aende dirisha la hospitali, kwa binti yangu. Haina mkate, na ni nzuri kuliko yoyote yenye mkate wangu. Na mkiambiwa msubiri, msubiri."

Kisu akakishusha kisu, jambo ambalo halionekani mara nyingi.

"Na shati hilo limepatwa na nini?"

"Hili liache hivyo hivyo," nikamwambia, nikaenda kufungua bekari nikiwa bado nimelivaa.