Bastola Inayomkaa Kila Mtu

"Sema tena hapana, mama, uone kama sitatoka nayo humu dukani," Rayleen alisema.

"Hapana," akasema Velda.

"Nina miaka thelathini na mmoja."

"Hata ukiwa na sitini. Irudishe hapo kwenye kitambaa, uchukue ile nyeusi tuliyoijia."

Rayleen hakuirudisha. Aliendelea kuishika ile rivolva kuukuu, silinda yake imefunguliwa ubavuni, mtutu ukitazama chini, na mkono wake haukutikisika hata kidogo. Hicho ndicho kilichomtia Velda wasiwasi. Tangu Alhamisi, siku Dwight, mwanamume aliyekuwa akiishi naye, alipotoka gerezani, mkono huo ulikuwa haushiki kikombe bila kumwaga kahawa. Asubuhi hiyo hiyo ulishindwa kuingiza ufunguo wa gari, ikabidi Velda aendeshe. Hapa dukani kwa Orville Gantt ulikuwa umeshika bastola sita, na zote sita zilitetemeka mpaka Orville akawa anatazama pembeni kwa adabu. Ya saba ndiyo hii, na mkono ulikuwa umetulia kama mkono wa mtu aliyelala.

"Unaona?" Rayleen akasema. "Sitetemeki."

"Naona. Ndiyo maana nasema hapana."

"Sasa hiyo nayo ni sababu?"

Velda hakuzoea kuulizwa sababu. Alikuwa ameendesha jiko la shule kwa miaka ishirini na miwili na kulea binti peke yake, na bastola yake mwenyewe ilikuwa kiunoni dakika ile ile, chini ya shati, kama ilivyokuwa kila siku tangu Rayleen akiwa na meno ya utoto. Alikuja na mambo yake ameyaandika nyuma ya bahasha. Iwe nyembamba. Iwe nyepesi. Ikae kwenye mkanda wa kitambaa tumboni, maana Rayleen ni muuguzi wa kuzungukia wazee majumbani, na suruali za wauguzi zina kamba tu, haziwezi kubeba chuma. Isiwekwe kwenye mkoba, kamwe, kwa sababu mkoba huachwa sebuleni wakati mwenyewe yuko jikoni. Ile nyeusi ilitimiza yote.

Hii nyingine hawakuionyeshwa. Rayleen aliiomba. Alikuwa amerudisha ile ya sita, akafuta viganja kwenye suruali, akasema, "Na hiyo iliyo kwenye droo?"

Droo ilikuwa imefungwa. Orville alimtazama kitambo kirefu, kisha akainama akaifungua.

"Bwana Gantt," Velda alisema sasa, "kwa nini hii haina karatasi ya bei?"

"Huwa naitoa mtu akiiomba." Orville alikuwa mzee mwembamba mwenye miwani mbili, moja puani na moja juu ya kofia. "Mafundi wa zamani walijua kazi, Bi Velda. Hata kutu haina."

"Sikukuuliza habari za kutu."

"Turudie lile la macho," Rayleen akasema. "Kwa mara ya mwisho. Nikilikosea, nachukua nyeusi."

Lile la macho lilikuwa jaribio la Orville. Kila mnunuzi alilipitia. Unasimama ukikabili kichwa cha kulungu kilichotundikwa ukuta wa nyuma, unafumba macho, unainua bastola pale mkono unapotaka kwenda wenyewe, kisha unafumbua uone imeelekea wapi. Isiyokukaa itakuwa inatazama dari au sakafu. Inayokukaa itakuwa shingoni mwa kulungu. Zile sita zilikuwa zimezungukazunguka kando ya shingo ya yule mnyama. Hii, mara ya kwanza, ilikwenda kushoto kabisa, kwenye kioo kirefu kilichosimama karibu na mikanda, pale ambapo watu hujitazama kama bastola inatuna chini ya nguo.

Velda alidhani binti amegeuka bila kujua. Safari hii alisimama nyuma yake, akamshika mabega yote mawili, akamwelekeza kwa kulungu.

"Tupu," alisema Orville, akichungulia matundu ya silinda.

"Tupu," alisema Rayleen naye, akichungulia, maana ndiyo desturi: macho mawili hayatoshi. Akaifunga. Akafumba macho. Akainua.

Mabega hayakusogea. Velda angeweza kuapa mahakamani. Alikuwa ameyashika kama anayeshika mtoto asivuke barabara. Lakini mkono ulipita mbele ya kifua taratibu, bila haraka, kama mlango unaofungwa na upepo, na Rayleen alipofumbua macho alikuwa anaitazama taswira yake kwenye kioo, na kile kitundu cheusi cha kwenye kioo kilikuwa kinamtazama yeye katikati ya paji la uso.

Rayleen akacheka. "Angalau nina shabaha nzuri."

Orville hakucheka. Kule pembeni jokofu la minyoo ya kuvulia samaki liliguruma, likanyamaza, na nje upepo uliokuwa ukipiga mabati tangu alfajiri nao ukakoma.

"Nipe," Velda alisema.

Binti akaifungua, wakachungulia, tupu, tupu, akampa. Na hapo Velda akashtuka, kwa sababu mpini ulimkaa. Kiganja cha Rayleen kilikuwa chembamba, cha vidole virefu vya baba yake. Cha Velda kilikuwa kipana, na kidole gumba kilikuwa kimevimba kiungo tangu enzi za masufuria ya shule. Hapakuwa na bastola duniani ya kuwakaa wote wawili. Hilo analijua kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya kaunta ya aina hii, ndiyo maana watu hupoteza asubuhi nzima wakishikashika. Lakini mti wa mpini ulikuwa umebonyea pale pale kilipo kiungo chake kibovu, na ulikuwa na joto kidogo, kama kiti alichoinuka mtu sasa hivi.

"Inanikaa," alisema polepole.

"Inamkaa kila mtu," Orville akasema. "Jamaa mmoja wa kule mtoni ana vidole vitatu, mashine ya kufunga majani ilichukua viwili. Nilimpa aishike tu. Akaniambia, Orville, nani alikupa vipimo vyangu?"

"Akainunua?"

"Mke wake alimkataza."

"Nani waliinunua?"

Orville alivua miwani ya puani, akaifuta kwa pindo la shati, ingawa haikuwa chafu. "Wanne, tangu niwe na duka. Imerudi mara nne."

"Waliirudisha kwa nini?"

"Walioirudisha si wale walionunua, Bi Velda."

Rayleen aliangalia viatu vyake.

Velda alikuwa mtu wa kuhakikisha. Akaifunga silinda, akasimama alipokuwa amesimama binti yake, akakitazama kichwa cha kulungu mpaka akahesabu nywele za kidevu, akafumba macho, akainua mkono. Akaona raha. Hakuwa ametarajia raha. Siku tatu za kutolala zilimshuka mabegani kama koti linalovuliwa na mtu mwingine kwa upole, na ndani ya giza la macho yake hapakuwa na Dwight, wala simu za usiku, wala chochote cha kufanya kesho. Angependa kukaa humo.

Alifumbua macho kwa nguvu.

Alikuwa anajitazama. Mwanamke wa kwenye kioo alikuwa na uso laini kama wa mtu aliyesamehewa, na alikuwa amemwelekezea bastola Velda, na kidole chake kilikuwa kwenye kifyatulio. Baba yake Velda alimpa bunduki ya kwanza akiwa na miaka saba, na somo la kwanza lilikuwa kidole kibaki nje mpaka uwe umeamua kupiga. Kwa miaka hamsini na mmoja hakukosea hata mara moja. Sasa kidole kilikuwa ndani, na nyundo ilikuwa imekwisha kurudi nyuma nusu njia.

Alikitoa kidole, akaiteremsha nyundo, akafungua silinda. Tupu. Akaiweka kitambaani ikiwa wazi.

"Tunaondoka na nyeusi," alisema.

"Hapana," akasema Rayleen.

"Rayleen, hukuona?"

"Nimeona kioo, mama. Kimewekwa vibaya, na wewe umeshaichukia, basi." Sauti yake haikupanda. Ilikuwa tulivu mno. "Sikiliza. Dwight anajua ninapokaa. Anajua gari langu. Anajua nyumba za wagonjwa wangu, huko barabara za vumbi simu hazishiki. Nikishika hizi nyingine namwona anakuja. Nikishika hii simwoni kabisa. Siogopi. Unajua ni lini mara ya mwisho sikuogopa?"

"Kuogopa ndiko kulikokutoa kwake. Uliogopa, ukapita dirisha la chumba cha kufulia bila viatu, ukakimbia maili mbili. Usingeogopa ungekuwa bado umekaa jikoni kwake ukimsubiri atulie."

"Nimechoka kukimbia."

"Chokea kwangu. Chokea kitandani. Usichokee kwenye hicho chuma."

"Bwana Gantt, fomu," Rayleen akasema.

Orville akaitoa fomu chini ya kaunta. Alitoa na kalamu.

"Orville!" Velda hakuwahi kumwita kwa jina lake moja tu. "Utamuuzia? Baada ya yote uliyosema?"

"Hana kosa lolote, Bi Velda. Hili ni duka. Nikikataa ataniuliza kwa nini, nami nitasema nini, kioo?"

"Una karakana hapo nyuma. Ungeshaikata vipande siku nyingi."

"Bunduki nzima?" Yule mzee alirudi nyuma hatua moja, kana kwamba ameambiwa amchinje farasi mzima kwa kuwa alimwangusha mtu. "Mtu hakati bunduki nzima."

Na jambo la aibu ni kwamba Velda alimwelewa. Alizaliwa katika imani hiyo hiyo. Bunduki ya mjomba wake Clem, ile aliyojiulia ghalani, ilisafishwa wiki ile ile ya mazishi, ikapakwa mafuta, akapewa binamu mkubwa wa Velda, na msimu wa kulungu ulipofika binamu akaenda nayo. Watu wazima wote walisema chuma hakina hatia. Velda alikuwa na miaka kumi na miwili, naye alisema hivyo hivyo. Binamu yule hakufika miaka thelathini. Walipoirudisha bunduki nyumbani, waliisafisha tena.

Rayleen alikuwa ameshaandika jina la kwanza. Velda akauweka mkono wake mpana juu ya karatasi, akaivuta, akaikunja mara mbili.

"Nyingine," alimwambia Orville. "Yangu."

"Mama, huwezi kuninunulia. Ukidanganya kwenye fomu ni jela."

"Nani amesema nakununulia wewe?"

Akaandika kwa herufi kubwa, kama alivyokuwa akiandika orodha za vyakula. Alipofika pale panapouliza kama mwandikaji ndiye mnunuzi halisi wa silaha hii, akajibu ndiyo, na kalamu ikakaribia kutoboa karatasi. Orville akawapigia simu wakaguzi wa serikali, akasoma jina na tarehe ya kuzaliwa, akasubiri. Wote watatu walisubiri. Rivolva ilikuwa kitambaani, na Velda alipoitupia jicho aliiona imefungwa. Alikuwa ameiacha wazi. Hakuna aliyekuwa ameigusa.

"Wameruhusu," Orville alisema, akaweka simu chini.

Velda akalipa. Akaichukua, akachungulia, tupu, akainua ubao wa kaunta akapita nyuma bila kuomba ruhusa, mpaka karakana, kwenye harufu ya mafuta na chuma kilichokwanguliwa. Msumeno wa umeme wa kukatia chuma ulikuwa kando ya ukuta, na chini ya meno yake jiliwa la kubania vyuma.

"Siwezi kufanya hivyo, Bi Velda," Orville alisema mlangoni.

"Sijakuomba ufanye. Nimeomba uwashe."

Orville alisimama. Kisha akanyoosha mkono, akabonyeza swichi, akatoka upesi kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa kwa makosa.

Velda aliiweka rivolva kati ya meno ya jiliwa. Kulikuwa na tatizo moja tu: hakuweza kuiachia. Vidole vyake vilikuwa vimelala juu ya mpini vizuri, kwa raha, navyo havikuona sababu ya kuinuka. Ile raha ikaanza kumpanda tena, mkononi, begani. Msumeno ulikuwa unanguruma mbali sana. Akawaza kwamba ingefaa akae kidogo, afumbe macho kidogo tu.

"Mama," alisema Rayleen. Alikuwa ameingia. "Mama, iachie."

"Siwezi."

Rayleen aliutazama uso wa mama yake, uso ule laini, nao ukamtia hofu kuliko Dwight alivyowahi kumtia. Mikono yake ikaanza kutetemeka. Kwa mikono hiyo inayotetemeka akakamata kidole kidogo cha Velda akakibandua, kisha kinachofuata, kimoja kimoja kama anavyowafanyia wazee wake wanaong'ang'ania vyuma vya kitanda, mpaka kidole gumba chenye kiungo kibovu kikatoka nacho. Akalizungusha jiliwa likakaza.

"Macho wazi," Rayleen alisema. "Nitazame mimi."

Velda akamtazama yeye. Bila kugeuza macho akaushika wenzo wa msumeno, akaushusha, na meno yakaingia kwenye chuma kwa mlio uliowafanya wote wawili wakenue, yakapita silinda, yakapita fremu, mpaka kile kipande chenye mtutu kikadondoka sakafuni.