Kiti Pamoja na Aliyekikalia

Kila asubuhi kabla ya saa mbili, ofisini mpakani Tunduma, Ketrina Nzunda alifanya mambo matatu, kwa mpangilio uleule. Alifuta meza. Alijaribu mhuri wa ofisi kwenye kipande cha boksi kuona kama wino bado upo. Kisha aliketi kwenye kiti chake cha ofisi chenye magurudumu, akakizungusha taratibu mpaka kikaelekea dirishani, akatazama foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia. Miaka sita alifanya hivyo. Madereva waliolala foleni siku tatu nne walimzoea, wengine wakimpungia na kumwita mukwai kwa heshima ya Kibemba, naye akiwajibu kwa kutazama chini.

Jumanne moja alifika na kitambaa chake mkononi, akakuta hakuna pa kufuta. Wanaume wanne walikuwa wameibeba meza na kukwama nayo mlangoni, miguu miwili ndani, miwili nje. Bosi wake Anania, wakala wa forodha mwenye tumbo la heshima, alikuwa ameketi sakafuni akinywa chai ya chupa. Ketrina hakujua afanye nini. Akaifuta meza palepale mlangoni ilipokwama, na wale wanaume wakamsubiri amalize.

Anania akamweleza polepole, kama mtu anayeeleza habari za mvua, kwamba ofisi ameiuza kwa kampuni moja ya Dar es Salaam, na kampuni hiyo ina watu wake. Alisema amekesha akifikiri ampe nini kwa miaka sita ile, na ameona ampe kiti. Mambo yakikaa sawa, atampigia simu.

Ketrina alitaka kuuliza, na mimi je? Swali lilifika mpaka nyuma ya meno, likakaa hapo.

"Asante, bosi," alisema.

Hivyo ndivyo alivyorudi kwao Hasamba, katikati ya mashamba ya kahawa, akiwa na begi moja na kile kiti cha ofisi ambacho mama yake, Rozi, alikipokea kwa mikono miwili kama anapokea mgonjwa. Rozi hakulia wala hakuuliza mengi. Alisema Mungu hafungi mlango akaenda zake, kisha akaenda kuchota maji. Ketrina aliweka simu yake ndani ya kikombe cha bati dirishani, mahali pekee nyumbani pale mtandao ulipofika, na kila jioni akapiga magoti mbele ya kikombe na kuomba sentensi moja: Bwana, nirudishe Tunduma.

Simu haikuita. Wiki ya tatu Rozi akaamua kwamba tatizo ni kushukuru. Huwezi, alisema, kumwomba Mungu akupe kingine wakati alichokupa hujamshukuru. Akakifuta kile kiti, akakipaka mafuta ya kupikia magurudumu yasilie, na Jumapili akakisukuma mpaka kanisani kukitoa sadaka.

Pale Hasamba, kama makanisa mengi ya huko, anayetoa si lazima atoe pesa. Watu huleta mikungu ya ndizi, maharage, kuku aliyefungwa miguu, na baada ya ibada vyote hunadiwa nje mbele ya mlango. Mnadi alikuwa mzee wa kanisa Hezron, mtu mwenye sauti ya kuita ng'ombe na sheria moja tu: kitu kinauzwa kama kilivyoletwa. Maharage yakija ndani ya beseni, beseni linakwenda na maharage. Mwaka uliotangulia mtu alinunua kapu la mahindi, akafika nalo nyumbani na kukuta paka wa mchungaji amelala ndani, na paka huyo hakurudishwa. Mchungaji Mika bado alikuwa akipita kumsalimia.

Siku hiyo walikuwapo wageni, kwaya ya akina mama kutoka Mbebe, milimani kule Ileje, na nafasi za kukaa hazikutosha. Ketrina alipofika mbele kuombewa kama mtu aliyepoteza kazi, mama yake akamkalisha kwenye kile kiti. Akaombewa. Watu wakatoka nje. Vijana wa kanisa wakazibeba sadaka zote nje, na kiti wakakisukuma pia. Ketrina alikuwa bado amekikalia, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ashuke, na kushuka mwenyewe mbele ya watu wote wale kulimtia aibu kuliko kubaki.

Zikauzwa ndizi. Akauzwa jogoo. Kisha mzee Hezron akaweka mkono kwenye mgongo wa kiti.

"Kiti cha ofisi," alinadi, "kinazunguka, kina magurudumu matano, kina msichana mmoja aliyesoma chuo. Nani ananianzishia?"

Watu walicheka kidogo, halafu wakaanza kutaja bei kweli, kwa maana sadaka ni sadaka. Mwalimu wa kwaya alipanda dau. Mwenye mashine ya kukoboa akapanda zaidi. Kila bei ilipotajwa Ketrina alijisemea sasa nitasimama, na kila mara akaona ngoja huyu amalize kwanza, si vizuri kumkatiza mtu mzima. Mwishowe bibi mmoja mfupi wa kwaya ya Mbebe, mwenye koti la kiume na raba nyeupe, alitaja bei iliyomfanya mzee Hezron avue kofia. Aliitwa Gwantwa. Alilipa papo hapo, akakishika kiti, akaanza kukisukuma kuelekea kwenye fuso lililowaleta.

Hapo ndipo ilipobidi baraza la wazee likae. Walikaa chini ya kibaraza cha kanisa na Ketrina akawekwa katikati, juu ya kiti. Mmoja alisema binadamu hanadiwi, huo ni mchezo tu. Mwingine akakubali kwamba binadamu hanadiwi, lakini sadaka nayo hairudishwi, na ukimwondoa binti utakuwa umepunguza sadaka baada ya kuombewa. Mtu akamtaja paka. Mchungaji Mika aliinamisha kichwa kwa muda alipotajwa paka. Bibi Gwantwa, alipoulizwa, alijibu kwa upole kwamba amenunua kama kilivyonadiwa na hakusikia mtu akipinga. Rozi alisema yeye alitoa kiti tu, lakini kama Bwana ameongeza, yeye ni nani.

Ndipo mchungaji akageuka. "Binti yetu, wewe mwenyewe una neno?"

Wote wakamtazama. Ketrina alikuwa na maneno mengi. Alitaka kusema kwamba anasubiri simu, na kwamba Mbebe ni mbali na Tunduma. Alitaka kusema pia kwamba tangu siku ile ya meza amekuwa akibebwa kila mahali kama begi.

"Mungu anajua," alisema.

Wazee wakaitika amina. Ikaamuliwa aende kwa miezi mitatu, kisha watatazama.

Mbebe ni mlima juu ya mlima. Bibi Gwantwa alikiweka kiti barazani mwake, mbele ya shamba lililoteremka mpaka bondeni, na kila mgeni alipokuja alimwonyesha: hiki ndicho kiti nilichonunua Hasamba, na huyu ndiye niliyemkuta juu yake. Ketrina alilazimika kukaa ili maelezo yakamilike. Zaidi ya hapo hakutumwa kazi ngumu. Alilishwa viazi, alipewa blanketi zito, na kila alipouliza kwa sauti ndogo afanye nini, bibi alimwambia apumzike kwanza. Kama kulikuwa na jambo alilomwitia, hakulitaja. Alizungumzia kiti tu, jinsi kinavyozunguka na jinsi kitambaa chake kisivyochuja rangi. Jioni Ketrina aliomba sentensi yake ileile, akiongeza jina la wilaya ili Mungu ajue amehama.

Wiki ya pili, siku ya Alhamisi, alikuwa ameketi barazani akichambua maharage ndipo kiti kilipoanza kuondoka. Mafuta ya kupikia ya Rozi yalikuwa bado yanafanya kazi. Kilishuka ngazi moja ya baraza kwa adabu, kikaupata mteremko, kikashika njia ya ng'ombe. Ketrina hakupiga kelele. Alishika ungo wa maharage kwa mikono miwili na kupita mbele ya nyumba tatu, akisema shikamoo kwa kila mkubwa aliyemwona. Mzee mmoja akamjibu marahaba na kumuuliza anakwenda wapi. Kiti hakikumngoja ajibu. Kiti kilipita kwenye ukingo wa migomba, kikavuka kijito mahali penye mbao, kikaingia kwenye banda la kikundi cha akina mama wa maharage na kusimama polepole mbele ya meza, kana kwamba kiliitwa kwenye kikao.

Kikao kilikuwapo kweli. Bibi Gwantwa, mwenyekiti, alikuwa amesimama na karatasi mkononi, na wanawake ishirini walikuwa wamenuna. Maharage yao yalikuwa yamerudishwa mpakani Tunduma kwa mara ya tatu. Katibu wa kikundi, Jenista, alikuwa akisema yeye amejaza kila kilichoulizwa, na asiyeridhika ajaze yeye.

Hakuna aliyemuuliza Ketrina amefikaje. Walimsogezea tu kiti mezani, ingawa alikuwa nacho. Naye kwa aibu, ili apate pa kuficha uso, akachukua zile karatasi na kuzisoma. Alizisoma kwa dakika moja. Zilikuwa karatasi zilezile alizozipiga mhuri kwa miaka sita, na kosa aliliona kama mtu anavyoiona nyumba ya kwao kutoka barabarani.

"Hiki cheti cha afya ya mimea," alisema akiiambia meza, "kina tarehe iliyotangulia ukaguzi. Kila mara watakirudisha."

Bibi Gwantwa alikaa chini. Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akaivaa tena.

"Soma na nyingine, mjukuu wangu," alisema.

Alizisoma zote. Siku iliyofuata alikwenda na Jenista kwa mkaguzi, na baada ya siku tisa maharage ya Mbebe yalivuka Nakonde bila mtu kuyauliza swali. Mwezi wa pili kijiji cha jirani kilileta karatasi zake. Watu wa kahawa nao wakaja. Ketrina alifanyia kazi barazani, kiti kikiwa kimezuiwa kwa mawe manne, na asubuhi alifuta meza, akajaribu kalamu, akageuka kutazama bonde. Jioni moja alipiga magoti na kugundua kwamba ile sentensi ya Tunduma hajaisema tangu sijui lini. Akatafuta aombe nini badala yake. Hakupata, akakaa tu hapo kwa muda, na haikuwa vibaya.

Kesho yake simu ikaita.

Alikuwa Anania. Mambo yamekaa sawa, alisema. Anafungua ofisi mpya, kubwa, yenye dirisha pana linaloitazama foleni yote, na kazi ni yake Ketrina. Jumapili atapita Hasamba kumchukua. Alikuwa na furaha hata akasahau kuuliza kama Ketrina anataka.

Ketrina alishika simu kwa mikono miwili. Hili ndilo aliloliomba, neno kwa neno, kila jioni, na limejibiwa. Mtu anamwambiaje Mungu kwamba amechelewa? Au kwamba aliwahi, akajibu jingine kabla?

"Asante, bosi," alisema, kisha akalia kwa kificho nyuma ya migomba.

Bibi Gwantwa alipopewa habari hakubisha. Alisema tu kwamba kilichotoka madhabahuni kinaweza kurudi madhabahuni, na usiku huo hakula. Jumapili alikipandisha kiti kwenye fuso, akakishusha kanisani Hasamba, na kwa kuwa sheria ni kitu kuuzwa kama kilivyoletwa, akamwomba Ketrina akikalie kama siku ile.

Mzee Hezron alimaliza viazi na sungura wawili. Akafika kwenye kiti.

"Mnakijua," alinadi. "Safari hii kina uzoefu."

Anania alikuwapo, katika suti, amesimama mbele. Alidhani huo ndio utaratibu wa kuajiri wa Hasamba, akataja bei bila kusita. Rozi akapanda, kwa kuwa ni mwanawe. Anania akapanda. Mwenye mashine akapanda kwa mazoea. Ketrina hakuwasikiliza. Alimtazama bibi mfupi mwenye raba nyeupe, akisubiri ataje chochote, hata kuku. Bibi Gwantwa alikuwa ameshika pochi yake kwa mikono yote miwili, imefungwa, akitazama viatu vyake, na midomo yake ilitetemeka kama ya mtu anayejizuia kupiga chafya. Ketrina akaelewa. Mwanamke yule alimnunua mara moja mbele ya watu, na safari hii alikuwa amekaza mikono asimnunue tena.

"Mara ya kwanza," alisema mzee Hezron. "Mara ya pili."

Ketrina alisimama. Kiti, kilipopungukiwa na uzito, kilirudi nyuma peke yake mpaka kikagonga kapu la viazi. Maneno yalifika nyuma ya meno kama kawaida yao, na safari hii akafungua mdomo kabla hayajakaa.

"Samahani, mzee," alisema. "Kiti kiuzeni. Mimi sina bei. Bosi Anania, nashukuru, lakini siji Tunduma. Nilimwomba Mungu anirudishe huko kwa sababu niliogopa, na pengine alinisikia vizuri kuliko nilivyosema. Mama, usilie. Bibi Gwantwa, twende nyumbani. Nataka kukaa Mbebe. Nimetaka tangu ile siku ya karatasi, nilikuwa sijasema tu. Nataka."