Bata Mzinga wa Jumamosi ya Mwisho

Verlon Stidham alikuwa hajawahi kusinzia mawindoni hata mara moja, na aliyebisha alikuwa huru kumuuliza Verlon mwenyewe.

"Wengine wakiegemea mti tu, wamelala," alimwambia bibi yake alfajiri ile, huku akijifunga kiunoni pembe ya baruti. "Mimi kope zangu ni pambo tu, Bibi."

 Bibi Orlena aliishusha gobori ya marehemu mumewe pale juu ya meko, akaipangusa kwa aproni, akamkabidhi. Masharti yalijulikana. Ilikuwa Jumamosi ya mwisho ya msimu. Verlon akirudi na bata mzinga, gobori ni yake maisha. Akirudi mikono mitupu, inakwenda kwa binamu yake Delphia, ambaye alimzidi shabaha tangu wakiwa na miaka tisa, jambo ambalo Verlon alipenda kulieleza kuwa ni upepo.

Alipanda mpaka mgongo wa kilima, ukungu ukiwa umejaa bondeni kama maziwa ndani ya bakuli. Miti ya maua meupe ilisimama humo bila miguu. Akaketi chini ya mti mnene, akaishindilia gobori kama babu alivyomfundisha: baruti mtutuni, kitambaa, mdeki, ule ufito wa kushindilia, chini mpaka ugonge, kisha punje za marisau, karatasi, mdeki tena. Hapo ndipo bata mzinga dume aliponguruma ng'ambo ya bonde. Verlon akajaza unga wa baruti kwenye kisahani cha gumegume, lile jiwe la kutoa cheche, akachomoa kifilimbi cha mfupa wa bawa, akalia kama jike mpweke.

Dume akajibu.

Akalia tena, taratibu. Dume akajibu, karibu kidogo. Kila jibu lilipita kwenye ukungu likafika limelainika, na Verlon akaona si vibaya kulisikiliza kwa macho yaliyofumbwa, ili asikie vizuri zaidi. Ukungu ukapanda ukamfikia magotini. Ulikuwa na uvuguvugu. Babu akapita ndani yake, koti lake limeshonwa kwa manyoya yenye rangi ya shaba, akimuuliza kama mkate wa mahindi umeiva. Nyuma yake walikuja bata mzinga arobaini wamevaa viatu vya kanisani, wakipanga foleni kwa adabu kuingia mtutuni, mmoja mmoja, na kila aliyeingia alisema, "Samahani, kijana." Verlon akawapisha. Kulikuwa na nafasi ya kutosha.

Alipofumbua macho, jua lilikuwa limefika kifuani pake na dume alikuwa amesimama hatua kumi na moja mbele, kichwa chekundu na buluu, akimtazama kama mtu anayesoma tangazo.

Verlon akainua gobori, akafyatua.

Cheche, kisha mlio, kisha moshi mweupe uliofuta kila kitu. Ulining'inia muda mrefu bila haraka yoyote. Ulipoondoka, hapakuwa na bata, wala unyoya. Akapapasa chini ya mtutu kutafuta mdeki, asafishe. Haukuwepo. Akapapasa majani. Kisha akakumbuka mahali alipouacha mara ya mwisho: ndani ya mtutu. Alikuwa amemtupia bata mzinga ufito wa babu yake, tena akamkosa.

Njiani alitengeneza habari, na ilipofika jikoni ilikuwa imenyooka. Delphia alikuwa mezani akimenya vitunguu mwitu, udongo ungali kwenye kucha zake.

"Gumegume limegoma, Bibi," Verlon alisema. "Nimekaa macho tangu nyota zipo. Dume kaja, nimefyatua, cheche hakuna. Mdeki nao umeniponyoka pale kijitoni, maji yakauchukua."

Bibi akaishika gobori, akakipapasa kifyatulio kwa kidole gumba.

"Hata babu yako ilimfanyia hivyo," alisema mwishowe. "Basi kosa si lako. Siwezi kukunyima kwa kosa la chuma."

Akaanza kumrudishia. Verlon akanyoosha mikono yote miwili.

"Vitunguu mwaka huu vimeota kule juu tu," Delphia alisema, bila kuinua macho kutoka kwenye kisu. "Karibu na ule mti mnene. Nimefika kabla jua halijatoka."

Mikono ya Verlon ikabaki hewani.

"Dume wa watu kakuzunguka mara mbili, bwana mkubwa, umeacha mdomo wazi. Nikataka kukurushia kitunguu, nikaona haya kukuamsha." Akamenya kingine. "Sasa, utamwambia Bibi mdeki umekwama mti gani, au nimpeleke mimi?"