Ubao Ambao Sikuutaja

Sisi wapenzi wa malori ya zamani tuna ugonjwa mmoja: tukikutana hatuulizani hali ya watoto, tunaulizana hali ya injini. Wiki nzima tunabishana kwenye kundi la simu, na kila Jumapili asubuhi tunakutana katika ua wa mchomeleaji vyuma, mwenzetu mwenye nafasi kubwa na asiye na majirani wa kulalamika. Mmoja anafungua boneti, wengine wanaingiza vichwa, na ubishi unaanza upya. Mfamasia atasema ule moshi mweupe ni nozeli mbovu, ile inayopulizia mafuta ndani ya injini. Dereva mstaafu, ambaye hajawahi kukubaliana na mtu tangu azaliwe, atasema ni gasketi. Halafu wote wananigeukia mimi.

Kundini naitwa Mzee Nozeli. Nimefanya kazi ya injini za dizeli miaka arobaini, na harufu yake mke wangu anasema haitanitoka hata nikioshwa kwa ajili ya kaburi. Nikisema gasketi, ni gasketi. Sijifanyi mnyenyekevu: nilikuwa naipenda sana ile dakika ambayo wote wananyamaza wakinisubiri.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi mkuu wa karakana moja kubwa, mtu mkali aliyejua kila kitu na aliyetufundisha kila kitu kasoro kimoja. Ukijua kuifungua pampu ya mafuta, hukuelezwa namna ya kuirudisha ipige kwa wakati wake. Ilibidi umwite. "Mpe mtu kisu," alikuwa akisema, "lakini mpini ubaki nao." Nilimchukia kwa jambo hilo miaka sita mizima. Nilipokuwa fundi mkuu nikafanya vilevile, bila hata kukaa chini na kuamua. Ukiniuliza mambo kumi nakupa tisa, na nakupa kwa moyo mweupe. La kumi ndilo lilikuwa linakurudisha kwangu.

Mshonaji aliingia kundini kwa mlango wa nyuma. Ni fundi cherehani, na tulimwita atushonee viti vya malori, kwa sababu vilivyokuja na malori hayo vilikuwa vimeliwa na panya. Akaja na futi yake shingoni, akapima, akashona, na Jumapili iliyofuata akarudi ingawa hakuna aliyemwita. Akaanza kuuliza. Hii ni nini, ile inafanya nini, mbona huu mrija unarudi kwenye tangi? Baada ya mwaka mmoja akanunua lori lake, la buluu, la silinda nne, lililokuwa limelala miaka kumi na minne nyuma ya kinu kilichofungwa. Tulimcheka. Dereva akamwambia amenunua banda la kuku lenye usukani. Yeye akacheka pamoja nasi, kisha akaanza kulifungua boliti moja moja, na kila boliti aliniuliza mimi.

Jumatano moja akanitumia ujumbe wa sauti kundini. Alisema amemaliza, amesafisha tangi, ameweka mafuta mapya, na anataka kujua hatari za siku ya kwanza ya kuwasha injini iliyolala muda mrefu hivyo. Nilikuwa nakunywa chai na mke wangu. Nikashika simu, nikasafisha koo kama mtu anayetaka kuhutubia, nikajibu.

Nilimwambia kweli tupu. Pampu iliyokaa miaka mingi inaweza kunata ndani, ikamwaga mafuta yote bila kipimo. Hapo injini inapagawa: inapanda, inapanda, haisikii mtu, mpaka inajipasua yenyewe. "Ikipagawa," nikasema, "usihangaike na kebo ya kuzimia. Kimbilia bomba la hewa, uzibe. Injini ikikosa pumzi itakufa."

Kidole kilikuwa bado kwenye kitufe cha kurekodi. Nilijua kimebaki kitu. Kila fundi wa zamani ana ubao wake, kipande cha mbao ngumu kilichofunikwa mpira, na siku ya kwanza anauweka juu ya mtambo kabla hajagusa swichi. Bomba la hewa la injini iliyopagawa halizibwi kwa mkono. Linaumeza. Nilikuwa na maneno matano ya kusema, nayo ni haya: ziba kwa ubao, usitumie mkono. Nikaachia kitufe. Nilijiambia atanipigia Jumamosi niende, nami nitatoa ubao wangu kwenye mfuko mbele ya mke wake, na watashangaa.

Hakunipigia. Jumamosi saa nne asubuhi walikuwa wawili tu, yeye na mkewe, nyuma ya nyumba yao. Mkewe alikuwa ndani, kwenye usukani. Chujio la hewa Mshonaji alikuwa amelivua ili alioshe, na mdomo wa bomba ulikuwa wazi, ulikatwa zamani kwa msumeno na mtu asiyejali, ukaachwa na makali yake. Injini ikawaka mara ya kwanza. Mkewe anasema mumewe aliruka kama mtoto. Halafu sauti ikaanza kupanda. Mkewe akavuta kebo ya kuzimia, ikakatikia mkononi. Akamwona mumewe akilikimbilia bomba, na kiganja cha kulia kikiingia.

Injini ilizimika. Ilikufa vizuri, bila hata kupasua pistoni moja. Mkono nao ulikatika mishipa inayokunja vidole vitatu.

Habari zilifika kundini saa nane mchana. Walioandika pole walikuwa wengi, na baada ya pole, bila kukawia, wakauliza hali ya injini. Mchomeleaji akajibu ameiangalia na ni nzima. Ndipo dereva, yule asiyekubaliana na mtu, akaandika: "Tumshukuru Mzee Nozeli. Bila ushauri wake injini ingelipuka na wote wawili tungewazika." Vikafuata vidole gumba, safu nzima. Mimi nikaandika, "Tumshukuru Mungu." Niliandika hivyo kwa mikono yangu miwili mizima, na nikalala usingizi wa mchana.

Usiulize nilikaa siku ngapi bila kwenda. Mke wangu ndiye aliyenisukuma. Alisema, "Mwenzako anaumwa wewe unazunguka nyumba kama unayetafuta miwani. Una nini?" Nikasema sina kitu. Akaniwekea matunda kwenye mfuko, akanifungulia mlango.

Chumba cha mbele cha nyumba ya Mshonaji ndicho karakana yake. Vyerehani viwili, meza ndefu ya kukatia, na mkasi mkubwa wa chuma ambao mpini wake umetengenezwa kwa mkono wa kulia. Koti la mteja lilining'inia ukutani likiwa na pini, mkono mmoja umeshaungwa, wa pili bado. Mkewe alikuwa kwenye cherehani akipiga mshono ulionyooka, ndio pekee anaoujua. Mshonaji alikuwa ameketi kando na mkono uliofungwa juu ya mto, akimwelekeza kwa macho.

"Karibu, Mzee," akasema, akataka kuinuka. "Unaona nilivyojiharibia? Wewe ulisema vizuri kabisa, ziba hewa. Mimi kwa upumbavu wangu nikatia mkono. Hata mtoto angejua asitie mkono."

"Usiseme hivyo," nikamwambia.

"Nilitaka kukushtua. Nilikuwa nimepanga nikiliwasha tu, nalileta mpaka getini kwako. Nipige honi, utoke, ukute mimi."

Mkewe alisimamisha cherehani. Ni mwanamke asiyepayuka, na maswali yake yananyooka kama mishono yake. "Mzee, watu wanaojua wanaziba na nini?"

"Na ubao, shemeji."

"Wewe ulikuwa unajua?"

Nilitazama yale matunda niliyoyaleta. "Ni jambo la kawaida kwetu," nikasema. "Ni kwamba nilisahau kulisema."

Alinitazama kidogo, kisha akaitikia kwa kichwa. "Binadamu anasahau," akasema. "Na wewe una umri." Alisema kwa huruma, na ile huruma nilitamani ingekuwa kofi.

Mshonaji hakutaka mazungumzo ya mkono. Alitaka ya lori. Alisema madaktari hawajui kama vidole vitakunja tena, kwa hiyo mkewe ndiye atakuwa mikono yake, huku na kule, kwenye kitambaa na kwenye injini. Mkewe akatoa daftari, akafunua ukurasa mpya, akasema, "Haya, Mzee. Sema yote, hata yale ya kawaida. Sisi ya kawaida ndiyo hatuyajui."

Nikasema. Saa mbili nzima nilisema. Namna ya kuifungua pampu na kuinasua, namna ya kujaribu kebo kabla ya kuwasha, ubao, unene wake, mahali pa kuuweka, nani asimame wapi. Mkewe aliandika, akanirudisha niliposema haraka. Mshonaji alikuwa na furaha ya mtu aliyesahau maumivu. Akauliza itakuwaje betri ikikosa nguvu. Nikamwambia lori lake linakubali hendeli ya kuzungushia kwa mkono kutoka mbele, nikaeleza inavyoingizwa, jinsi ya kuachia mgandamizo wa silinda, jinsi ya kuvuta juu wala si kusukuma chini.

"Nitatumia wa kushoto," akasema, akaukunjua mbele yetu. "Huu una nguvu bado."

"Kuna kingine?" akauliza mkewe, kalamu ikisubiri.

"Hakuna, shemeji. Hayo ndiyo yote."

Wakanisindikiza mpaka mlangoni. Nilitembea hadi kona yenye duka la vifaa vya umeme, nikiwa mwepesi, nikijiambia nimelipa. Hapo kwenye kona nikaikumbuka hendeli.

Hendeli ya injini ya dizeli hupiga teke. Inaweza kurudi kinyume kwa nguvu, na ukiwa umeikumbatia kwa kidole gumba, inakivunja kidole na pengine kifundo chote. Kidole gumba kinakaa upande mmoja na vingine, basi. Ni jambo la kwanza analoambiwa mwanafunzi. Mimi nilikuwa nimemweleza mtu mwenye mkono mmoja kila kitu cha hendeli kasoro hilo. Safari hii sikuwa na mpango wa kwenda kumshangaza mtu yeyote. Ulimi wenyewe ulikuwa umeruka, ukapita juu yake kama mguu unavyoruka ngazi iliyozoeleka. Nilisimama pale nikaogopa, si kuogopa watu, kujiogopa mimi. Mtu wa dukani akaniuliza kama nataka kuketi.

Nikarudi. Mkewe ndiye aliyefungua.

"Umesahau kitu, Mzee?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengine njiani, marefu na ya heshima. "Sikusahau, shemeji," nikasema. "Kuna jambo la hendeli sijawaambia. Na ule ubao sikuusahau. Niliujua, nilikuwa na kidole kwenye kitufe, nikauacha."

Hakupiga kelele. Alishika ubao wa mlango, akanitazama muda mrefu, na ile huruma ya mwanzo nikaiona ikitoka usoni mwake. Kisha akaufungua mlango wote. "Ingia," akasema. "Mwambie mwenyewe. Mimi siwezi kumbebea hilo."

Nilimwambia Mshonaji nikiwa nimesimama, maana sikukaribishwa kiti. Nilianza na kidole gumba, kwa sababu hicho bado kilikuwa cha kuokolewa, kisha nikamwambia la ubao. Alisikiliza akiwa ameinamia mto wake. Nilipomaliza akauliza jambo moja tu.

"Kwa nini?"

"Nilitaka unipigie simu," nikasema. "Nilitaka usiweze bila mimi."

Mkewe alikuwa nyuma yangu, nilikuwa nasikia pumzi zake. Nje mtoto wa jirani alikuwa akipiga mpira ukutani.

"Mzee," akasema mwishowe, "mimi nilikuwa nakuja kwako kila Jumapili. Ulidhani nafuata nini, pampu?"

Akageukia ukutani, kwenye lile koti la mteja lenye mkono mmoja, akamwambia mkewe alete daftari aandike hilo la kidole gumba. Mkewe aliandika, akanisomea neno kwa neno, akaniuliza kama ni sahihi. Nikasema ni sahihi. Alifunga daftari na kurudi kwenye cherehani, na hakuna aliyeniambia nikae wala aliyeniambia niende.