Piano ya Arobaini na Tatu

Leberecht Knauth alikuwa ameshatengeneza piano arobaini na mbili pale Altenburg, Ujerumani, na hakuna hata moja iliyomtia aibu. Ya arobaini na tatu ndiyo iliyomkosesha raha kwa miaka sita. Nayajua haya kwa sababu mimi, Pohle, ndiye niliyekuwa fundi wake wa kufunga nyuzi.

Alianza kama seremala wa makabati. Siku moja mchungaji alimwita amtengenezee mguu wa piano uliovunjika. Akautengeneza, kisha akataka kujua sauti inatoka wapi. Mchungaji aliporudi kutoka mazishini aliikuta piano yake imetandazwa sakafuni, vipande vipande. Knauth aliiunga tena ikawa sawa, lakini kabati hakutengeneza tena maishani mwake. Kitu asichokielewa kilimwasha kama upupu.

Basi, ile ya arobaini na tatu aliianza mwezi wa kwanza, kichomi kikamlaza wiki tano. Alipopona aliikuta imeshaungwa na nyuzi nimeshazifunga. Akaketi, akabonyeza kitufe kimoja cha sauti ya chini, akaacha kidole palepale. Sauti ilitoka nene, ikajaa karakana nzima, ikakawia kuondoka. Mafundi wenzangu wawili waliweka zana chini wakasikiliza.

"Pohle, umeifanya nini hii?"

"Nimefunga nyuzi, Fundi. Kama siku zote."

Machozi yalimtoka, akajifanya anafuta vumbi. Lakini piano ilikuwa na mwenyewe: Bi Walburga Oertel, mjane wa muuza dawa wa Gera. Wiki hiyohiyo ikachukuliwa.

Knauth akafungua daftari lake la vipimo, akatengeneza ya arobaini na nne kwa vipimo vilevile na mbao za msonobari uleule. Ikalia kama zile za zamani. Ya arobaini na tano, hivyo hivyo.

Ndipo safari za Gera zilipoanza. Kila majira ya kuchipua tulipanda treni, mimi nimebeba mfuko wa zana, na Bi Walburga akatufungulia mlango mikono kiunoni.

"Mmekuja tena kumpapasa mgonjwa asiyeumwa?"

"Saa mbili tu, Mama."

"Mwaka jana ulisema hivyohivyo, ukala na chakula cha jioni."

Knauth alipima miguu, kifuniko, nyundo ndogo za ndani. Mwaka mmoja alishuku chumba, tukaisukuma piano mpaka jikoni. Ikaimba vilevile kando ya sufuria ya kabichi. Kitu kimoja tu Bi Walburga alikataa: nyuzi zisitolewe. Bila kuzitoa, ubao wa sauti, ule mwembamba ulio chini yake unaoikuza sauti, haukupimika vizuri.

Mwaka wa sita nyuzi kadhaa zilikatika kwa kutu, Bi Walburga akakubali. Nilizitoa zote siku nzima. Knauth akaingiza kipimo chake cha mkono mrefu, akapima katikati, akapima pembeni, akarudia. Rangi ikambadilika.

"Pohle, huu si ubao wangu. Wangu una unene mmoja kote. Huu katikati ni mnene, pembeni umekwisha kabisa. Nani kauchonga?"

Sikujua, nikamwapia.

Tulirudi Altenburg. Mkewe, Ottilie, mama wa binti yao Selma, alikuwa jikoni akimenya viazi. Knauth alimweleza yote akiwa bado na kofia kichwani. Mkewe akaendelea kumenya.

"Ni mimi," akasema.

"Wewe nini?"

"Mimi niliuchonga. Ulikuwa kitandani, unaweweseka. Niliingia karakana siku ya Jumapili, nikaugonga ubao. Ulikuwa bubu kama gogo. Nikachukua randa ndogo ya marehemu baba."

Baba yake alikuwa fundi wa fidla kule Markneukirchen, na yeye alikulia kwenye maranda.

"Miaka sita, Ottilie! Miaka sita unaniona nahangaika!"

"Ulikwisha kataza mtu asiguse ubao wako, Baba Selma. Nikaogopa. Baadaye nikasema nitangoja aniulize. Umeziuliza mbao, umeziuliza nyuzi, umekiuliza mpaka chumba cha Bi Walburga. Mimi hukuniuliza."

Knauth akatoka nje. Nilimwona dirishani akizunguka kisima, mara tatu, mara nne, akijisemea peke yake. Nilidhani leo patachimbika. Akaingia, akavua kofia, akavuta kiti karibu na mkewe.

"Unene ulijuaje?"

"Sikuujua. Nilikuwa nachonga kidogo, nagonga, nasikiliza."

"Unasikiliza nini hasa?"

"Mpaka uache kunung'unika."

"Kunung'unika vipi? Hebu niigizie."

Mama Selma aliangua kicheko, lakini alimwigizia. Viazi havikupikwa siku ile. Tulikula mkate na soseji.

Tangu hapo mbao za sauti zikawa kazi ya Mama Selma. Wa kwanza aliuharibu: aliuchonga mno ukapasuka, akalia. Wa pili haukuwa kitu. Wa tatu ulipoanza kulia chini ya nyuzi zangu, mwili ulinisisimka. Ndani ya kifuniko Knauth akaandika majina mawili, lake na la mkewe, na wenye maduka ya Leipzig waliohoji jambo hilo aliwajibu kwamba wakitaka jina moja wakanunue kwingine.

Yeye mwenyewe alikaa kando ya mkewe na daftari, akipima kila ubao uliokamilika. Hakuna mbili zilizolingana. Siku moja, mvi zimeshamjaa, nilimuuliza kama amepata kanuni.

"Bado," akasema. "Ila nimeshajua mambo kumi na saba ambayo siyo." Alifurahi kama aliyepewa zawadi.

Alifariki vuli ya mwaka 1891. Mama Selma alichonga miaka minne zaidi, mpaka mikono ilipoanza kutetemeka, ndipo binti yake akaipokea kazi.