Vali ya Binti wa Fundi Pampu

Ulipita pale, usijitie hamnazo. Ulimwona binti wa miaka kumi na minne kwenye benchi la kliniki ya moyo, akihema kama aliyepanda mlima ilhali alipanda ngazi sita tu, ukajifanya unasoma tangazo ukutani. Wenye kusahau na wasahau. Sisi tunakumbuka kwamba maradhi yake yalianzia kooni, miaka mitano nyuma. Akaambiwa ni mafua, akarudishwa nyumbani mikono mitupu kwa kuwa dawa hazikuwapo. Koo likapona. Jeraha likahamia moyoni.

Siku ya kuamua ni vali ipi atiwe moyoni, baba yake alikuwa ameshashika kalamu kando ya kitanda chake wodini.

"Ya chuma," alimwambia daktari. "Vali nazijua mimi. Ya chuma ndiyo inadumu. Nyingine hizo ni kunipaka mafuta kwa mgongo wa chupa."

Alikuwa fundi pampu kwa miaka ishirini na miwili, na weusi wa grisi ulikuwa umeota kwenye kucha zake. Katika jengo lile lililojaa maneno asiyoyajua, alijishikiza kwenye jambo moja: moyo ni pampu, na kwa pampu hakuna wa kumfundisha.

Daktari, mwanamke wa sauti ya chini, aliizuia fomu ya idhini ya upasuaji kwa kidole. "Sahihi ni yako, mzee, kwa kuwa hajatimiza kumi na minane. Lakini kifua ni chake." Akamgeukia binti, ambaye wauguzi walimwita Wakili kwa wingi wa maswali. "Haya, Wakili. Jana nilikueleza. Leo nieleze mimi, kama vile sijui kitu."

"Hujui kweli?"

"Leo sijui."

Binti alivuta pumzi, akasubiri imtoshe. "Ya chuma huenda ikanifikisha uzeeni. Lakini damu huweza kuigandia, kwa hiyo nitameza dawa kila siku na kupimwa damu maisha yangu yote. Dawa ikizidi, navuja. Ikipungua, donge linapanda kichwani. Na nikija kushika mimba, dawa inaweza kumdhuru mtoto."

Fundi alikohoa. "Mimba? Wewe?"

"Si leo, baba. Usizimie, kitanda ni kimoja."

Muuguzi aliyekuwa kando aligeukia dirishani, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

"Ile nyingine, inayotengenezwa kwa nyama ya ng'ombe, dawa yake ni ya miezi michache tu," binti aliendelea. "Ila itachakaa, na kwa umri wangu inachakaa upesi. Nitapasuliwa tena, labda kabla sijafika miaka ishirini na tano. Na siku hiyo huenda nisiamke. Hata hivyo nataka hiyo ya ng'ombe."

"Mwanangu, kitu cha kuchakaa unakitakia nini?"

"Baba, sindano yangu ya kila mwezi ya kuulinda moyo, mwaka jana tuliikosa mara nne. Mara mbili daraja lilikatika, mara mbili zahanati haikuwa nayo. Sasa hiyo dawa ya kila siku nitaipata wapi? Pampu ikivuja unaizima, unakaza nati. Mimi utanizima vipi?"

Fundi alimtazama mtoto ambaye yeye mwenyewe alimfunga kamba za viatu, ambaye alimtambua kwa kikohozi hata akiwa chumba cha pili. Wiki zote zile binti alizolala ameketi, ameegemezwa mito, kumbe alikuwa akikitembelea kifo chake, akikizunguka, akikipima urefu na upana, kisha anarudi kunywa uji. Baba alijiona kama mtu aliyedhani kisima kina kimo cha magoti: ametupa jiwe, ametega sikio, na jiwe bado linakwenda.

Hakukubali. Bado chuma kilimwita. Lakini aliiweka kalamu juu ya meza, akavuta kiti mpaka magoti yake yakagusa kitanda.

"Rudia pale pa kupasuliwa mara ya pili," alisema. "Polepole. Mimi sijaelewa."

Binti akaanza upya.

Na wewe uliye na mtoto wodini, na fomu imekunjwa mfukoni mwako: inuka sasa hivi, kamuulize. Kisha ufunge mdomo mpaka amalize.