Klabu ya Nzi wa Manyoya

Mjini Garissa, mtu akitaka kukutukana bila kupoteza maneno, alikuita mla samaki. Weris Mursal hakuwahi kula samaki hata mmoja, wala hakuwa na mpango huo, lakini mwaka ule wa tisini na sita hakukuwa na mtu kando ya Tana aliyewajua samaki kumshinda yeye. Alijua wanapojificha jua likiwaka, alijua kinachowatisha, na alijua nzi wa rangi gani atawapandisha juu hata wakiwa wameshiba. Wafugaji wenzake wakimcheka, aliwaacha wacheke. Kicheko cha mtu hakikuwahi kumwaga maziwa yake.

Maziwa ndiyo yaliyomkutanisha na klabu ya wavuvi. Kila Jumamosi asubuhi alipita njia ya mtoni akipeleka maziwa sokoni, na kila Jumamosi aliwakuta watu wa bara wamesimama majini hadi magotini, wakirusha nyuzi mbele na nyuma kana kwamba wanafukuza nyuki. Kiongozi wao alikuwa Kinoti, afisa wa maji kutoka Meru, aliyejifunza uvuvi huo ujanani kwenye vijito baridi vya Mlima Kenya. Ndoano yake haikuwa na chambo. Ilikuwa na nzi wa bandia, aliyefungwa kwa uzi na manyoya ya kuku. Sasa, miiba ya Garissa haina adabu, na kila wiki ilimnyang'anya nzi wawili watatu. Siku moja Weris akaokota mmoja, akamgeuzageuza kiganjani.

"Bwana Maji," alimwambia, "hii nzi nakufa zamani. Samaki iko na macho."

Wiki iliyofuata akamletea nzi sita. Vidole vilivyozoea kufuma vyombo vya maziwa visivyovuja haviwezi kushindwa na kadudu. Alitumia manyoya ya kanga wa porini, yale ya samawati ya kifuani, na nywele za shingo ya mbuzi. Kinoti akapata samaki wanne kabla ya saa tatu, akasahau hata kunywa chai yake. Tangu siku hiyo Weris akawa mwanachama, wa pekee ambaye hakushika ufito wa kuvulia wala kuonja kilichovuliwa.

Rafiki yake mkubwa humo klabuni alikuwa Mwalimu Wilkister, aliyezaliwa kando ya Ziwa Victoria na kuhamishiwa Garissa kufundisha hesabu. Wilkister alikuwa na ugomvi mmoja na Kinoti, nao ni ile sheria ya kumrudisha majini kila samaki asiyefika urefu wa kiganja na nusu. "Kwetu samaki akishatoka majini, anarudi akiwa mifupa," alisema kila mara. Lakini alirudisha, huku akimwomba samaki msamaha kwa kumchelewesha.

Na Weris ndiye aliyewaonyesha mkondo. Tana yenyewe ni ya rangi ya udongo na ina mamba. Ila chini ya mji kuna mkono mwembamba unaojitenga na mto, unapita juu ya mchanga mweupe, kisha unaurudia. Wakati wa kiangazi maji yake huwa meupe kabisa, ya kina kifupi, na huko ndiko kuyu, samaki wa magamba makubwa ya rangi ya shaba, huenda kutaga mayai. Mkondo ule ulipita kwenye malka ya ukoo wa marehemu mumewe. Malka ni njia ya mifugo kushukia mtoni kunywa, na kwa mfugaji ni kitu kizito kuliko nyumba. Weris aliwaongoza wavuvi hadi pale kwa moyo mweupe, kama mtu anavyowaonyesha wageni kilicho kizuri kwake. Wema wake ukamponza.

Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kirefu. Ng'ombe waliokuwa wakishuka malka ile kwa makumi sasa walishuka kwa mamia, na kila kwato iliporomosha ukingo kidogo. Kufikia Septemba mchanga mweupe ulikuwa umefunikwa na tope. Kinoti aliliona hilo, akaumia, akaandika barua kwa wakubwa wake bila kumshirikisha mtu. Barua ikajibiwa upesi kuliko barua yoyote iliyopata kuandikwa wilayani: mkondo uzungushiwe seng'enge, na lori la waya lije Jumamosi.

Weris alizipata habari hizo kutoka kwa Bare, kaka wa marehemu mumewe, mwenye ng'ombe arobaini na ulimi wa wembe. Alimjia Jumatatu asubuhi, akakataa chai. Mtu akikataa chai ya Weris, ujue kumeharibika.

"Dumaashi," alisema, kwani ndivyo Wasomali wanavyoitana mashemeji, "umewauzia wala samaki njia ya ng'ombe wetu."

"Sikumuuzia mtu."

"Basi umewapa bure. Heri ungeuza."

Alipoondoka, Weris alikaa chini akalia, halafu akajikasirikia kwa kulia. Malka haifungwi. Hata adui uliyepigana naye jana hafungiwi maji. Ikifungwa hii, itasemwa imefungwa na Weris, na hakuna mlango wa ukoo ule utakaomfungukia tena. Alikuja kutoka Wajir baada ya ukame wa tisini na mbili na mbuzi wanne waliobaki hai, na pale malkani wakawa thelathini na saba. Angewapeleka wapi? Akajifuta uso, akafunga mtandio vizuri, akaenda ofisini kwa Kinoti.

Kinoti alimpa kiti na ramani. "Mama, mimi sikuwasahau," alisema. "Tazama. Nusu kilomita juu kuna njia nyingine ya kushukia."

"Hapo iko mamba tatu. Moja nakula ngamia ya jirani Diriye."

"Kwenye ramani panaonekana pazuri."

"Hii ramani nachorwa na mamba?"

Kinoti akaangalia ramani, akaikunja polepole. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa tu amewapenda samaki hadi akasahau kuuliza njia ni ya nani, kosa ambalo watu wa ofisi hulifanya hata bila samaki. "Sikujua kwamba malka haifungwi," alisema. "Nilidhani ni mahali tu. Lakini, Mama, wewe mwenyewe umeona. Mayai yamezikwa topeni. Ng'ombe wakiendelea kuingia mle, mvua zitakuta mkondo umekufa."

Ni kweli, Weris alikuwa ameona. Alikuwa ameinama pale wiki iliyopita, akachota tope kwa kiganja, akayakuta mayai yameoza. Kuwa na adui mwongo ni raha. Yeye alikuwa katikati ya watu wawili wa kweli.

"Jumamosi bado siku ngapi?" aliuliza.

"Tano."

"Ng'ombe ikikunywa bila kuingia maji, waya narudi?"

"Nitaurudisha mwenyewe," Kinoti alisema. "Lakini watakunywaje?"

"Fizuri," Weris alijibu, na akatoka.

Alikozaliwa, Wajir, hakuna mto, kuna visima. Kisimani hakuna mnyama anayetia mguu. Watu husimama ngazi kwa ngazi, ndoo inapita mkono hadi mkono, na juu maji humiminwa kwenye hori, chombo kirefu cha udongo uliofinyangwa ukakaushwa juani. Kila kundi la mifugo hungoja mbali hadi zamu yake ifike. Weris alikuwa mtoto wa pekee wa baba yake. Kwa kuwa hakukuwa na kaka, alishuka kisimani akiwa na miaka kumi na miwili, akachota miaka sita.

Wiki ile klabu haikuvua. Kazi yao ilikuwa kufinyanga mahori ya tope. Wilkister alikuja kila jioni baada ya shule, akakunja sketi, akakandika. Kinoti alikuja na makarani wawili walioshika udongo kwa ncha za vidole hadi Weris alipowafokea. Kufikia Ijumaa mahori matano yalikuwa juu ya ukingo, mahali pagumu pasipoporomoka, yamekauka bila ufa.

Bare alikuja kuyatazama, mikono nyuma. "Haya ni ya watu wa visima," alisema kwa Kisomali. "Sisi Mungu ametupa mto."

"Mto amekupa Mungu. Tope umelitia wewe. Utawaleta ng'ombe au hutawaleta?"

"Nitawaleta. Wakikataa na waya ukishushwa, tutaukata. Na atakayeukata ni mimi, ili usiseme hukuambiwa."

Jumamosi lori lilifika mapema, likaegesha na mizigo yake ya seng'enge. Wanaume wa ukoo walijipanga upande mmoja na fimbo zao, klabu upande wa pili na ndoo zao. Kinoti aliingia majini hadi kiunoni, Wilkister akasimama ngazi ya pili iliyochongwa ukingoni, makarani juu yake, na Weris mwishoni, kwenye mahori. Ndoo zikaanza kupanda, moja baada ya moja, na mahori yakajaa. Mbuzi wa Weris wakaja wakanywa. Watu wakatikisa vichwa kukubali: si haba.

Kisha ng'ombe wa Bare wakatokea kichakani. Walikuwa na kiu ya siku mbili. Wakanusa maji, wakapita mahori yaliyojaa pomoni bila kuyapa hata jicho, wakaelekea mkondoni kama walivyofanya tangu walipozaliwa. Vijana walijaribu kuwazuia kwa fimbo, lakini ng'ombe mwenye kiu haogopi fimbo. Dereva wa lori akafungua mlango.

Hapo Weris akagundua kosa lake. Alikuwa ameleta kutoka Wajir udongo, ngazi na ndoo, akasahau kitu kimoja, na kitu hicho ndicho kilichofanya vyote vile vifanye kazi. Kisimani watu huimba. Wachotaji huimba ili mikono iende pamoja, na mifugo huusikiliza wimbo wakajua ni zamu ya nani. Lakini wimbo wa kisima ni wa wanaume. Yeye aliuimba utotoni, ndani ya shimo, ambako hakuna aliyemwona. Hapa palikuwa na ukoo mzima.

Akaweka ndoo chini, akaimba.

Sauti yake ilitoka kavu mwanzoni, kisha ikafunguka. Mzee mmoja alisema astaghfirullah. Mtu mwingine akacheka. Weris aliimba mstari wa kwanza wote, mstari wa kuita, akanyamaza mahali ambapo mchotaji mwingine hutakiwa kuitikia. Kimya. Aliurudia. Kimya tena, na ng'ombe wa kwanza alikuwa hatua kumi kutoka ukingoni.

Basi Wilkister akaitikia. Hakujua neno hata moja la wimbo ule, na alichokiimba hakikuwa Kisomali wala Kijaluo, ila alikiimba kwa nguvu zote za mwalimu aliyezoea kunyamazisha darasa. Wanaume wakaangua kicheko, fimbo zikawaponyoka. Weris hakucheka. Aliita tena, na Wilkister akaitikia tena, vibaya zaidi.

"Wallahi, huyu anauharibu!" Bare alipaza sauti. Uso wake ulikuwa umeiva. "Baba yangu alichota Wajir kwa wimbo huo ujanani!"

"Basi usiuache uharibike," Weris alimwambia.

Bare akatazama huku na huku, kama mtu anayetafuta wa kumlaumu. Kisha akaitikia. Alikuwa na sauti nzito, nzuri, ambayo hakuna mtu mtoni aliyejua anayo, na maneno yote alikuwa nayo, hadi lile la mwisho. Ng'ombe hawakuujua wimbo, lakini sauti waliijua. Yule wa kwanza akasimama na mguu mmoja hewani. Akageuza kichwa. Bare akarudi nyuma kuelekea mahori, akiimba, na ng'ombe wake arobaini wakamfuata wakapanga midomo majini.

Walikunywa hadi saa sita. Kinoti alitoka mkondoni, nguo zikichuruzika maji, na dereva akamuuliza ashushe waya wapi.

"Rudisha," Kinoti alisema. "Waambie ofisini mimi nilikosea. Hapana, ngoja, nitawaandikia mwenyewe."

Haikuwa rahisi baada ya hapo, asikudanganye mtu. Wapo waliokuja usiku wakashusha ng'ombe kwa ukaidi, na Bare, aliyeapa kukata waya, ndiye aliyewatoza faini ya beberu. Wapo walionung'unika kwamba kuchota ni kazi. Ni kazi kweli. Wanachama wa klabu walichota kila Jumamosi kwa saa mbili kabla ya kuruhusiwa kugusa ufito, na makarani waliacha kushika vitu kwa ncha za vidole. Mvua za Novemba zilichelewa, na zilipofika mkondo ulikuwa tayari umejisafisha. Vifaranga vya kuyu vilionekana kwenye mchanga, vyembamba, vingi visivyohesabika, na Wilkister alitangaza kwamba sasa angalau anajua anamrudisha samaki nyumbani kwa nani.

Mwezi wa Desemba akaja mchungaji mgeni kutoka upande wa Sangailu, vumbi hadi nyusi, akamkuta Bare njiani na kumuuliza wapi atanywesha. Malka zote za Tana zina majina ya watu, na watu wenyewe wote ni wanaume, wengi wao wako kaburini. Ile ya kwao iliitwa kwa jina la babu yake Bare.

"Shuka moja kwa moja hadi Malka Weris," Bare alimwambia, bila kupunguza sauti wala kujieleza. "Usitie mguu wa ng'ombe majini. Simama juu, ungoje uitwe."

Weris alikuwa amekaa hatua tatu kutoka hapo, anafunga nzi. Uzi ukamponyoka kidoleni na manyoya yote ya samawati yakatawanyika mapajani. Akayakusanya moja moja, akaanza upya.